Fundi Okwach Hakuichomelea Difu Ile

Ndugu Pius Okwach, Fundi Mkuu wa karakana ya magari ya shule yetu, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Alifika hapa Buhongwa Machi 1991 akitokea Rorya, mkoani Mara. Karakana wakati huo ilikuwa banda la mabati lenye shimo moja la kukagulia magari na jeki mbili, moja mbovu. Leo ina mashimo manne na lifti, na ukiingia gereji nyingi kuanzia Mkolani hadi Igogo utamkuta mwanafunzi wake mmoja amelala chini ya gari.

Kamati ya hafla ilinipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa niaba ya Kidato cha Nne, Ufundi Magari, na ikanielekeza niandike mambo ya kufurahisha. Yapo mengi, na nitayaandika. Lakini katika jalada la Fundi Okwach kuna barua ya onyo ya Desemba mwaka jana inayosema kwamba alilifungia gari la mteja difu isiyofaa, na mtu akaumia. Barua hiyo si ya kweli. Akistaafu nayo, itabaki humo, na kila atakayefungua jalada lile baada yetu ataamini kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa. Tuna hasira, na hatutaki kuifunika kwa vigelegele.

Tuanze na mazuri. Fundi Okwach hapendi neno "nadhani". Mwanafunzi akisema, "Nadhani ni sili ya mafuta," anajibiwa, "Nenda kanawe mikono, urudi uangalie tena. Ukishaangalia hutadhani." Kuna waliokwenda bombani mara tano kwa siku moja. Mwaka 2004, shule ilipopokea wasichana wa kwanza wa ufundi magari, ovaroli zote zilikuwa za wanaume warefu. Alizibeba nne hadi nyumbani, mkewe Mama Atieno akazikata na kuzishona upya, na Jumatatu wasichana wale wakashuka shimoni kama wengine. Hakutoa hotuba. Aliwapa spana, akawauliza mbona wamesimama.

Jina lake la utani ni Kiti cha Nyuma. Hafungui difu ya gari lolote mpaka apande na mwenye gari katika njia yake ya kila siku, yeye akiwa kiti cha nyuma. "Difu iko nyuma," husema. "Ukitaka kuisikia, kaa nayo." Wateja wapya humcheka. Wa zamani humfungulia mlango wa nyuma bila kuuliza.

Agosti mwaka jana Bwana Suhaib, mfanyabiashara wa vyuma wa Mirongo na mjumbe wa Bodi ya Shule, alileta gari lake, Altezza nyeupe. Kwa wazazi wasiojua mambo haya: difu ni boksi la gia lililo chini ya gari, katikati ya matairi ya nyuma, linalogawa nguvu ya injini. Gari likikata kona, tairi la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani, na difu huruhusu kila moja lizunguke kwa mwendo wake. Ubaya wa difu ya kawaida ni kwamba tairi moja likikosa mshiko, nguvu hukimbilia huko na tairi hilo huzunguka bure. Altezza ile ilikuwa ikifanya hivyo kila mvua iliponyesha, na Bwana Suhaib alitaka difu ya kuzuia hali hiyo.

Fundi Okwach alipanda naye asubuhi tatu, Buhongwa hadi Mirongo. Sisi wanafunzi tulipokezana kukaa pembeni yake na daftari. Siku ya kwanza Bwana Suhaib aliona aibu.

"Mzee, si ukae mbele? Watu wataona kama nimegeuka dereva wa kukodi."

"Waache waone. Wewe kata kona."

Waliporudi siku ya tatu Fundi alichora ubaoni difu za aina tatu. Ya kwanza ni ya pleti, yaani visahani vya chuma vinavyobanana, wanayoipenda watu wa mashindano. Inabana kwa nguvu, lakini hugonga ukigeuza gari polepole, pleti zake huisha, na inataka oili yake maalumu mara kwa mara. Ya pili ni ya meno, ambayo gia zake za mshazari hubanana zenyewe tairi moja likitaka kukimbia. Haina kelele, haina pleti za kuisha, na udhaifu wake mkubwa ni pale tairi moja linapokuwa hewani kabisa. Ya tatu hakutaka hata kuichora vizuri. Ni kuichomelea difu ya zamani, gia zake za ndani ziwe kitu kimoja, matairi yote mawili yalazimike kwenda mwendo mmoja hata kwenye kona. Vijana wanaotaka gari liteleze kwa maonyesho hufanya hivyo. Barabarani, kwenye lami yenye maji, gari la namna hiyo hukataa kukata kona, au mkia wake hukimbia bila taarifa.

"Gari hili linapeleka watoto shule," alimwambia Bwana Suhaib. "Halishindani na mtu. Funga ya meno."

Rafiki wa Bwana Suhaib aliyekuwa amemsindikiza akaangua kicheko. "Ya meno? Hiyo si ya kubebea bibi harusi?"

"Bibi harusi naye anataka kufika," Fundi akajibu. Tukacheka wote, na Bwana Suhaib pia. Katika daftari la kazi, ukurasa wa 88, Fundi aliandika: "Difu ya meno. Ya pleti hapana. Kuchomelea hapana kabisa." Bwana Suhaib akatia sahihi, na difu ikaagizwa Dar es Salaam.

Oktoba, kabla difu haijafika, kaka yake Fundi alifariki huko Shirati. Akaomba ruhusa ya siku kumi. Kwa utaratibu wetu hakuna gari linaloguswa bila kadi ya kazi yenye mhuri wa Fundi Mkuu, na Kidato cha Tatu tulikuwa katikati ya mazoezi ya vitendo. Kwa hiyo, ili tusikae bure, aligonga mhuri kwenye kadi ishirini tupu, akamkabidhi Mwalimu Luhaga aliyekaimu nafasi yake. Hilo lilikuwa kosa lake. Kosa la kutuamini.

Siku ya tatu Bwana Suhaib alikuja amekasirika. Rafiki zake walikuwa wakimwita Bwana Harusi, na Jumamosi walipanga kukutana na magari yao.

"Luhaga, nichomelee hii hii. Jumamosi nina watu."

"Mzee aliandika hapana."

"Mzee yuko msibani. Mjumbe wa Bodi yuko hapa mbele yako."

Mwalimu Luhaga akaomba kinyago cha kuchomelea. Mwenzetu Okeyo alishika taa. Mimi niliambiwa nijaze kadi. Nilimuuliza Mwalimu niandike nini, akasema, "Andika 'Marekebisho ya difu', basi." Nikaandika. Maandishi yaliyo kwenye kadi ile, chini ya mhuri wa Fundi Okwach, ni yangu.

Fundi aliporudi kutoka msibani, gari halikuwepo. Aliambiwa Bwana Suhaib amelichukua hadi difu ifike. Kati yetu hakuna aliyemwambia zaidi ya hapo.

Ijumaa ya tarehe 15 Novemba mvua ilinyesha tangu alfajiri. Altezza ilikuwa ikitoka barabara ya Shinyanga kuingia njia ya shule, kwa mwendo ambao si wa kutisha. Bwana Suhaib alikata usukani, gari halikukata. Lilikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya Mama Dorcas, ambaye ametukaangia mihogo getini miaka yote tuliyosoma hapa. Mguu wake wa kushoto ulivunjika mahali pawili. Hadi leo anatembelea fimbo, na meza yake sasa inaendeshwa na binti yake.

Gari lilivutwa hadi karakanani na Fundi Okwach akaifungua difu mwenyewe. Aliona mshono wa kuchomelea. Mwalimu Luhaga alikuwa mwanafunzi wake wa mwaka 1999, Fundi ndiye aliyemfundisha kushika fimbo ya kuchomelea, na anaujua mkono wa Luhaga kama tunavyojua mwandiko wa mtu. Alifuta mikono, akafunika difu kwa gunia, akaenda kumjulia hali Mama Dorcas hospitalini.

Bodi ilikaa Desemba. Kadi ikawekwa mezani. Hakuna aliyeuliza daftari la kazi liko wapi. Hakuna aliyeuliza tarehe ya kadi, ambayo ni siku Fundi alipokuwa anamzika ndugu yake Shirati! Bwana Suhaib alikuwepo na hakusema. Mwalimu Luhaga aliitwa kutoa maelezo ya kitaalamu, akayatoa, na mkono wake mwenyewe hakuutaja. Fundi Okwach alipopewa nafasi alisema maneno matatu tu: "Mhuri ni wangu." Wakamwandikia barua.

Tumejiuliza sana kwa nini alinyamaza. Wengine wanasema ni kwa sababu Mwalimu Luhaga ana watoto wadogo. Wengine wanasema anaamini mhuri ni mhuri. Hiyo ni siri yake na tunaiheshimu. Ukimya wetu sisi hauna heshima yoyote. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanne karakanani siku difu ilipochomelewa. Mazoezi yetu ya vitendo yanasahihishwa na Mwalimu Luhaga, nasi tukazipenda alama zetu. Miezi saba tumemwamkia Fundi shikamoo kila asubuhi, akatuitikia marahaba, tukashika spana tukaendelea na kazi.

Kilichotuvunja uvumilivu ni jambo dogo. Januari, difu ya meno ilikuwa imeshafika kutoka Dar es Salaam, na Bwana Suhaib, aliyekuwa ameiondoa Altezza baada ya ukaguzi, akairudisha kimyakimya. Fundi Okwach akaifunga. Akapima, akajaza oili, akapanda kiti cha nyuma hadi Mirongo na kurudi, akaandika, "Iko sawa." Tangu hapo gari lile linapita getini kila asubuhi, kwenye mvua na kwenye jua, limenyooka, halina kelele. Uamuzi wa Fundi ndio unaomfikisha mjumbe wa Bodi kazini, na mjumbe huyohuyo amekubali barua iseme kwamba Fundi hajui kuchagua difu. Kila likipita tunaliangalia, na kila siku tunazidi kujichukia.

Jumatatu ya wiki iliyopita tuliandika maelezo ya siku ile, kuanzia Bwana Suhaib alipoingia hadi gari lilipotoka, tukatia sahihi wote kumi na wanne, tukayapeleka kwa Mkuu wa Shule, Madam Mboni Yahaya. Aliyasoma mara mbili. Kisha akavua miwani.

"Mbona mmechelewa hivi?"

"Tuliogopa, Madam."

"Na sasa hamuogopi?"

Okeyo ndiye aliyejibu. "Sasa tunaogopa tarehe thelathini."

Madam alituma daftari la kazi liletwe. Akafungua ukurasa wa 88, akaweka kadi pembeni yake, akazilinganisha tarehe kwa kidole. Alisema Bodi inakaa Alhamisi tarehe 26, na kwamba yeye mwenyewe ataviweka vyote viwili mezani. Nikamuuliza kama wasifu huu naruhusiwa kuuandika hivi. Akasema, "Andika mlichokiona. Usiongeze." Sikuongeza.

Tunachoomba kwa Bodi ni kifupi. Barua ya Desemba iondolewe kwa barua nyingine iliyoandikwa na kutiwa sahihi, na isomwe hadharani kama ile ya kwanza ilivyosomwa mbele ya walimu. Mama Dorcas aambiwe ukweli, kwa sababu mpaka sasa anaamini aliyemvunja mguu ni Fundi aliyekuwa akimnunulia mihogo kila saa nne. Tuna matumaini. Tumemwona Madam akilinganisha zile tarehe, na tunaamini kwamba mtu mzima akiwekewa karatasi mbili mbele ya macho yake anaweza kuziona.

Karatasi yetu ina majina kumi na manne. Chini yake tumepiga mstari wa kumi na tano na hatukuandika kitu. Mwalimu Luhaga, mstari huo ni wako. Karatasi iko ofisini kwa Madam, na hadi Alhamisi hakuna atakayeujaza kwa niaba yako.

Fundi Okwach, asante kwa miaka thelathini na minne. Asante kwa ovaroli zilizokatwa, kwa mikono tuliyonawishwa, kwa kila kona uliyokata ukiwa nyuma ili mtu mwingine afike. Utusamehe kwa miezi saba. Tunakuombea wewe na Mama Atieno afya njema, nyumba yenye upepo wa ziwa, na asubuhi zisizo na kengele. Kama tarehe 30 itafika na barua ile bado iko jaladani, tutaandika tena Julai, na Agosti, hata tukiwa tumeshamaliza shule. Nenda ukapumzike, Mzee wetu. Kazi hii iliyobaki ni yetu.

Bushra Abdillah
Kidato cha Nne, Ufundi Magari