Mfasiri Asiyeamini Jibu

Kijiwe chetu kiko nje ya kibanda cha kinyozi: benchi moja, birika langu la kahawa, na watu wanaojua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Asubuhi ile Mitambo, mwandishi wa programu, alikuja na kompyuta yake, macho mekundu. Saa sita alitakiwa kuonyesha wodini mashine yake ya kufuatilia mapigo ya moyo ya watoto wachanga, na skrini ilikuwa inachelewa sekunde tatu nzima. Ikichelewa hivyo inakataliwa, na jasho la mwaka mzima limekwenda na maji.

— Tatizo ni kompaila, alisema. Ndiyo mfasiri wa kugeuza maandishi yangu yawe lugha ya mashine. Programu inakwenda kwenye faili jingine kuuliza tunatumia waya wa kupimia wa aina gani. Mara elfu kwa sekunde! Jibu ni lile lile, ila mfasiri haoni ndani ya faili lile, basi haamini kwamba halibadiliki, anataka liulizwe tena.

— Mvivu huyo, alisema Kinyozi. Mfukuze, tafuta mwingine.

— Nimejaribu watatu. Wote baba mmoja, mama mmoja!

Bahasha, tarishi mstaafu, akatikisa kichwa.

— Si mvivu, mwanangu, ni mwoga. Mimi nilipandishwa ngazi miaka ishirini kuuliza kama bosi yupo, na najua hayupo.

— Sasa nifanyeje, mzee?

— Haraka haraka haina baraka.

— Mzee, haraka ndiyo ninayoitafuta!

— Mimi nasema anakula posho ya safari, Kinyozi akadakia.

— Kompaila haili posho!

— Basi iweke kompyuta chini ya meza, Kinyozi akaongeza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mitambo alishika kichwa. Hata mimi nilitamani kuwamwagia kahawa.

— Nimewasha kila swichi ya kuongeza kasi. Nimehamisha faili zima ndani ya jingine, programu ikagoma kabisa!

Hapo akafika dada yake, muuguzi wa wodi ile ile, amekuja kumchukua. Akasikiliza kidogo.

— Kwani waya hubadilishwa katikati ya kupima?

— Hapana, dada.

— Sasa si uulize mara moja mwanzoni, uandike pembeni? Sisi huandika kwenye kadi ya mtoto.

Mitambo akaandika mstari mmoja, akabonyeza. Mapigo ya majaribio yakaonekana kwenye skrini sambamba na mlio wake, bila kuchelewa hata kidogo.

— Mstari mmoja tu? dada akauliza.

— Mmoja.

— Na wiki nzima hulali, unagombana na nani?

Mitambo alifunga kompyuta yake haraka. Bahasha alichungulia kikombe chake kitupu. Kinyozi naye akakumbuka ghafla kwamba ana mteja ndani.