Mikono ya Wasusi Walioacha Kukoroga

Mgeni rasmi, Daktari wetu wa ngozi, karibu sana saluni kwetu. Utuwie radhi kwa joto. Feni tumeizima ili maneno yasikike.

TULIKOTOKA

Sisi ni wasusi kumi na mmoja. Kwa miaka sita tulisuka ukumbini na kukoroga chumba cha nyuma. Mkorogo wetu wa kung'arisha ngozi ulisifika: krimu tatu kwenye beseni moja, tukizikoroga kwa mkono mtupu, maana mwiko uliacha mabonge. Mteja akisita, tulijipaka sisi kwanza nyuma ya kiganja. "Ona, shoga, hauchomi!" Naye ananunua. Ila wateja walisita kila siku, mgeni rasmi, nasi tukajipaka kila siku. Rangi ikatutoka vidoleni, ikapanda hadi viwikoni. Weupe tuliouza hatukuupata, tulipata mabaka.

TULIYOYAFANYA

Baka lilipomfika usoni mwenyekiti wetu, tunayemwita Mama Kitana, alimwaga beseni zima mbele ya wateja. "Nimekoma! Anayetaka weupe akapake ukuta wake chokaa." Tulimuunga mkono, ingawa wawili wetu walinuna wiki nzima. Kisha tuliwafuata wateja nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi. Wengine walitufukuza, na tulistahili. Leo arobaini na watatu wameacha, nasi tunawasindikiza kliniki. Na kwa kusuka, tuseme ukweli, mtaa huu hauna wa kutufikia.

KINACHOTUKWAZA

Watu wanadhani mabaka yanaambukiza. Juzi bibi harusi aliona vidole vya Mama Kitana, akasema amesahau simu nyumbani. Simu alikuwa ameishika. Sisi tulicheka, Mama Kitana hakucheka. Sasa anasuka na glavu, na nywele hazishikiki kwa glavu. Anasema mwezi huu ukiisha hivi, ataacha ufundi. Inatuuma sana.

MAOMBI

Tunaomba kliniki ya ngozi isiwe Jumatano peke yake. Tunaomba wakaguzi waende kwenye maghala yanakotoka makopo ya krimu hizo, wasiishie kwa wauzaji wa vibandani.

Ombi la tatu halihitaji kikao wala mhuri. Majirani wamejaa mlangoni na macho yote yako kwako. Mama Kitana, vua glavu, mwenzetu. Daktari, tunakuomba ukae akusuke, hata mistari miwili tu.

Mungu akuzidishie afya, awaponye tuliowaumiza, na atupe wateja wasiotuogopa.

Ni sisi,
Kikundi cha Wasusi Tulioacha Kukoroga