Mama Subiri, Fundi wa Madirisha ya Kompyuta

Ndugu, jamaa, marafiki na wafanyakazi wenzake mliofika kumsindikiza dada yetu, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha yake, na imenionya nisome taratibu na nisitie chumvi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1964, katika chumba cha nyuma juu ya duka la rangi, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa baba aliyekuwa karani wa stoo na mama aliyekuwa mshonaji wa sare za shule. Alianza shule ya msingi mwaka 1971, ile iliyotazamana na duka hilo, akajiunga na sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1978, ambako walimu waliandika kwamba ni hodari wa hisabati na mbishi wa kupitiliza, kisha mwaka 1984 akaingia chuo cha ufundi kusomea kompyuta, wakati huo zikiwa mashine za skrini nyeusi na herufi za kijani, zisizo na picha wala kipanya.

Tarehe 2 Mei 1988 aliajiriwa na kampuni ya kuandika programu, ghorofa ya pili juu ya duka la miwani, na huko ndiko alikobaki mpaka mwisho wa utumishi wake. Kompyuta za madirisha na vitufe vya kwenye skrini zilipoingia maofisini, wenzake wengi walizifurahia kwa rangi zake, yeye akaona kwamba zimekuja na balaa lake, kwa sababu mtu mwenye kipanya anaweza kubonyeza popote, wakati wowote, tena akiwa na hasira. Hapo ndipo alipopata jina la Mama Subiri, ambalo shangazi zetu waliamini limetokana na uvumilivu wake, naye hakuwasahihisha, ingawa sisi tuliokula naye meza moja tunajua hakuweza hata kungoja chai ipoe. Jina lilitokana na maneno "Tafadhali subiri", ambayo programu nyingi ziliyaonyesha huku zimeganda, na ambayo yeye aliyapiga marufuku popote ambapo hapakuwa na kazi inayoendelea kweli nyuma yake, akisema huo ni uongo, hata kama anayeusema ni mashine.

Mwaka 1994 alitumwa kwenye ofisi ya ardhi, ambako dirisha la kutafutia ramani lilikuwa likiganda kila asubuhi, akamkuta mrasimu mmoja, mchoraji wa ramani, mrefu, mpole wa maneno lakini si wa vidole, ambaye dirisha likiganda alibonyeza kitufe kilekile mpaka mashine nzima inakata tamaa. Dada alikaa nyuma yake kwa muda mrefu bila kugusa kitu, halafu akamwambia, "Ukibonyeza mara kumi, unaiagiza kazi ileile mara kumi, na bado haijamaliza ya kwanza." Mrasimu akamuuliza yeye angejuaje kwamba imemsikia, na dada akaliona swali hilo kuwa la haki, akarudi ofisini kwake, akatenganisha kazi ya kutafuta ramani na kazi ya kuchora dirisha ili moja isiifunge nyingine, akakifanya kitufe kififie kikishabonyezwa, akaweka na mstari unaosogea kuonyesha kazi imefika wapi. Programu ilitulia, lakini safari za kwenda kuikagua hazikupungua, na tarehe 17 Agosti 1996 wawili hao walifunga ndoa, wakajaliwa binti mwaka 1998 na kijana mwaka 2001.

Binti alifuata kazi ya mama yake, akaajiriwa katika kampuni ileile Januari 2021, na kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa programu ya maabara ya hospitali, ambamo aliongeza njia ya kuyapanga majina ya wagonjwa kwa herufi. Aliijaribu kwa majina aliyoyabuni mwenyewe, ambayo bila kujua aliyaingiza yakiwa yamekwisha kujipanga, hivyo mpangilio haukubadilika, mama yake, aliyekuwa kiongozi wa kitengo, akaipitisha, ikaenda. Mwezi Septemba mtaalamu mmoja wa maabara akapiga simu, akasema mzee wa miaka sabini amepewa majibu ya ujauzito, na chumba kizima pale ofisini kikacheka, akiwemo binti, isipokuwa dada, ambaye aliuliza majibu ya huyo mzee basi amepewa nani.

Kosa lilikuwa kwamba majina yalipopangwa upya, macho yaliona mtu mwingine katika mstari wa tatu, lakini programu iliendelea kumfungua yule aliyekuwa wa tatu kabla ya kupangwa. Mkurugenzi wa kampuni alipendekeza warekebishe kimyakimya na kupeleka toleo jipya, dada akakataa, akamchukua binti yake mpaka maabara, akaomba programu isimamishwe na majibu yote yaliyotolewa yapitiwe upya, na mkuu wa maabara alipouliza nani ameandika kitu cha namna hiyo, dada alijibu mbele ya watu wote, "Aliyeandika ni huyu hapa, binti yangu, na aliyepitisha ni mimi."

Wagonjwa walitafutwa mmoja mmoja, dereva mmoja aliyekuwa ameambiwa ni mzima akarudishwa na kutibiwa, na kwa neema hakuna aliyepoteza maisha. Binti alirekebisha kwa mkono wake, kila mstari ukabeba namba ya mgonjwa badala ya nafasi yake kwenye orodha, mama yake akiwa ameketi kando bila kushika kipanya. Mkurugenzi alimwondoa dada kwenye uongozi, naye akahamia meza ya dirishani. Binti alihama nyumbani, akamwambia baba yake kwamba lile kosa analikubali, ila hawezi kuvumilia kutajwa vile mbele ya wageni. Familia ilinituma nikapatanishe, nikaenda, nikarudi nilivyokwenda, kwa maana dada aliniambia kwamba ameulizwa swali na amelijibu.

Mwaka 2023 mikono yake ilianza kutetemeka, ikagundulika ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, akaacha kazi. Binti akaanza kuja kila Jumamosi na kompyuta yake, akisema anahitaji mtu wa kumjaribia madirisha, na dada akawa anakosea kubonyeza, akimwambia kitufe hiki kidogo, hiki kimekaribiana mno na cha kufuta, hapa weka njia ya kutumia kibodi peke yake, na binti akayabadilisha yote palepale. Kwa tunavyojua, suala la maabara hawakulizungumza kamwe. Siku moja dada alifuta kazi nzima ya asubuhi kwa kidole kilichoteleza, akatazama skrini, akasema, "Sasa ungeniuliza kwanza kama nina hakika," wakacheka wote wawili mpaka mrasimu akaja kuangalia kulikoni.

Ugonjwa ulipofika kifuani alilazwa, akafariki Jumatatu iliyopita asubuhi, mume na watoto wake wakiwa pembeni. Baadhi yetu tulishauri kisa cha maabara kiachwe, lakini binti yake, aliyeketi mstari wa mbele, ndiye aliyeomba kisomwe, na kisomwe chote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, majirani waliopokezana kumgeuza kitandani mikono yake ilipokataa, wafanyakazi wenzake waliomtembelea hata baada ya kuacha kazi, na yule mtaalamu wa maabara aliyepiga simu, ambaye yuko nasi hapa.

Dada yetu, kazi yako imefika mwisho, pumzika sasa kwa amani.