Layari wa Ukoo wa Tarigan, Aliyesali Macho Wazi

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda huku juu kuja kutushika mkono, haya ni maisha ya mama yetu, kama alivyotusimulia mwenyewe na kama tulivyoyaona.

Layari alizaliwa tarehe 3 Mei 1945 katika kijiji cha Juma Teran, nyanda za juu za Karo, Sumatra. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Rakut Tarigan na mkewe, marehemu Bi Ngemat. Baba yake alilima mahindi. Mama yake aliita wafu. Aliyefiwa alimwendea na tambuu na kuku mweupe, ngoma zikapigwa, na Bi Ngemat akanena kwa sauti ya marehemu, akalia na watu wake, akawaaga. Layari ndiye aliyebeba kikapu cha tambuu. Alikua akijua kwamba wafu huona njaa na baridi kama sisi, na kwamba asiyeitwa hatulii.

Alisoma miaka mitatu tu katika shule ya kijiji. Yaliyobaki alifundishwa na kaka yake Ngukum, aliyemzidi miaka sita, akimwandikia herufi kwenye udongo kwa ncha ya jembe. Waliitana "turang", kama kaka na dada wanavyoitana kwetu, na hawakuishiwa utani.

"Turang, ukiolewa mimi nitapikiwa na nani?"

"Utatafuna kuni. Meno unayo."

Ngukum alikuwa mwanachama wa umoja wa wakulima, na mwaka ule wanachama wake waliwindwa kama wakomunisti. Jumatano tarehe 24 Novemba 1965, mchana, watu wenye silaha walimkuta uani akipukuchua mahindi. Mvua ilikuwa inanyesha. Alimwambia dada yake kwa utulivu, "Turang, niletee koti langu." Layari akaingia ndani, akalitafuta, akalipata chini ya mikeka. Alipotoka, ua ulikuwa mtupu. Alisimama mlangoni na lile koti mkononi mpaka mama yake akaja kumwondoa. Baadaye watu walisema waliochukuliwa siku ile walipelekwa mtoni. Mwili wa Ngukum haukuonekana.

Bi Ngemat alitaka kumwita mwanawe. "Yuko majini, hajui njia," alisema. "Nikimwita atakuja."

"Nande, siku hizi asiye na dini anaitwa adui," Layari akamjibu mama yake. "Ukipiga ngoma, na wewe watakuchukua."

"Wanichukue. Mimi ni mama yake."

Asubuhi iliyofuata Bi Ngemat alipokwenda shambani, Layari alizipasua ngoma zote mbili kwa shoka na kuzitia jikoni. Alipikia mahindi. Mama yake aliporudi alitazama majivu, akaketi, akala. Lakini hakusema na binti yake tena, mwezi hata mwezi.

Mwaka 1966 mwinjilisti, Mwalimu Bangun, alikuja kuwafundisha wanakijiji kusali, ndani ya ghala la mahindi. "Kunjeni mikono. Fumbeni macho. Semeni: Baba yetu." Layari akafumba. Hapo hapo, karibu kabisa na sikio, akasikia: "Turang, koti langu." Akafumbua.

"Wewe binti, mbona unatazama?" Mwalimu akauliza.

"Kaka yangu yuko hapa, Mwalimu."

Watu wakafumbua macho. Mwalimu alikuwa mgeni bado katika kazi hiyo, na naye aliogopa. "Huyo si kaka yako. Ni shetani amevaa sauti yake. Usimjibu."

Layari hakumjibu kaka yake. Kila alipofumba macho Ngukum alikuwepo, akisema lile lile. Mwishowe akaacha kufumba macho.

Siku ya ubatizo, Jumapili tarehe 14 Agosti 1966, karibu kijiji kizima kilipanga mstari. Maji yaliletwa kwa ndoo kutoka mtoni. Layari alipoyaona akarudi nyuma. Ndipo mkono ukamshika kiwiko. Alikuwa mama yake, ambaye hakuna aliyetegemea kumwona pale.

"Simama," Bi Ngemat alimwambia. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu zile ngoma. "Haya ndiyo maji aliyomo. Acha akuguse."

Wakabatizwa wote wawili, na Bi Ngemat hakuufuta uso wake mpaka ulipokauka wenyewe.

Tarehe 20 Aprili 1968 Layari aliolewa na Tekang Ginting, mtu mpole, mkulima wa machungwa na kabichi. Mungu aliwajalia watoto wanne, na kwa jina la mzaliwa wa kwanza akaitwa Nande Malem, yaani Mama Malem. Aliuza mboga katika soko la Kabanjahe kwa zaidi ya miaka thelathini. Nyumbani kwetu hakuna mtoto aliyewahi kuiba kipande cha samaki wakati wa sala ya chakula; baba alikuwa amefumba, lakini mama alikuwa anakuangalia.

Mwaka 1981 Mwalimu Bangun, sasa mzee mgonjwa wa kifua, alirudi kukaa kwa binti yake kijijini. Nande Malem alimpelekea supu. Mzee akamuuliza, "Kaka yako bado anakuja?"

"Anakuja."

"Huwa anasema nini?"

Mama alituambia kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali hilo. "Anataka koti lake. Anaona baridi."

Mzee alikohoa kwa muda mrefu. "Nilikufundisha vibaya," akasema. "Nilikufundisha maneno, nikakufungia mlango. Mwambie Mungu hivyo hivyo. Usiseme na kaka yako. Sema habari zake."

Tangu siku hiyo Nande Malem alisali kwa maneno yake mwenyewe: "Bwana, Ngukum anaona baridi. Mfunike." Alisali hivyo sokoni, jikoni, hata kanisani kwa sauti. Sauti ya Ngukum haikukoma. Mama alisema tu kwamba sasa wako watatu, na si wawili tena.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja kumrekebisha. "Nande Malem, sisi hatuwaombei wafu."

"Nani kakwambia amekufa? Mlimzika wapi?"

Mzee akamaliza chai yake, akaaga.

Mume wake alifariki mwaka 2009. Miaka mitano baadaye Nande Malem alianza kuugua kisukari, kisha figo, akatibiwa Medan na Kabanjahe. Kuanzia Pasaka ya mwaka huu alibadilika. Alikaa kitandani ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango. Binti yake Rehna alimuuliza kilichomsumbua.

"Haji tena," mama akasema. "Nafumba macho, kimya."

"Si vizuri, Nande? Labda amefunikwa."

"Labda. Au mimi ndiye nimekuwa kiziwi, na yeye bado amesimama pale anaita."

Rehna akasogea karibu. Akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza akasema yeye mwenyewe ile sala ya mama, neno kwa neno. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya. Endelea wewe." Alituacha Jumanne tarehe 6 Novemba 2018, saa nne asubuhi.

Ameacha watoto wanne, Malem, Rehna, Jusup na Terkelin, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja. Wamemtangulia wazazi wake, mume wake, na kaka yake Ngukum Tarigan, ambaye hana kaburi, na ambaye jina lake tunaomba lisomwe leo pamoja na la dada yake.

Bwana awafunike wote wawili, wapumzike.