Bwana Kiponda Jefwa na Maua Yaliyotukosesha Kivuli

Tarehe 31 Mei 1987 Bwana Kiponda Jefwa anastaafu, baada ya kuwa mfyekaji nyasi wa kituo chetu cha malisho, njia ya Ganze, kwa miaka thelathini na moja. Sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia kukataa kufyeka.

Wageni wasiomjua waelezwe. Kando ya ofisi, chini ya mikwaju, pana uwanja mdogo wa nyasi. Hapo huota ua jekundu la mwituni, ambalo kiangazi chote hujificha ardhini mfano wa kitunguu, na masika yakianza huchomoza. Wenyeji wana jina lake. Ofisini tunaliita ua la Kiponda, na si kwa mapenzi kila mara. Zamani lilitapakaa hadi ng'ambo ya bonde. Mashamba yakapanuka, na sasa kwa kadiri tujuavyo limebaki hapo tu.

Taabu yetu ilikuwa sikukuu ya Madaraka. Kituo lazima kiwe safi kabla ya tarehe mosi Juni, na mwezi wa Mei mbegu za ua lile bado mbichi. Basi kila mwaka Bwana Kiponda alipewa amri, akaitikia kwa adabu, akafyeka kituo kizima, akauruka uwanja ule. Mameneja watatu walimwandikia barua za onyo. Barua hizo nilizipiga chapa mimi, naye alikuwa akija kuniomba nimsomee, anashukuru, anakwenda zake. Hasira zote zilibaki kwangu na taipureta.

Mwaka 1981 tukapata meneja aliyelipenda ua hilo, akaagiza lilindwe. Nilisimamia mwenyewe kazi ya kuzungusha seng'enge: hapana kufyeka, hapana ng'ombe, hapana kukanyaga. Nikajiona nimemaliza ugomvi. Bwana Kiponda akaja ofisini, akavua kofia, akaniambia, "Mwanangu, seng'enge haili nyasi." Alitaka pafyekwe mwezi wa Agosti, mbegu zikishaanguka, kisha ng'ombe waingizwe. Nilichoka. Miaka yote tumembembeleza afyeke, na siku tuliyomruhusu asifyeke bado alikuwa na neno. Nilimwambia arudi kazini.

Mwaka uliofuata maua yalikuwa machache. Mwaka wa pili yalikuwa saba. Nyasi zilifika kifuani na kuyasonga, nami nilikwenda kuyatazama peke yangu nikaona haya.

Katika ukame wa 1984 ng'ombe wa kituo waliingia ndani ya seng'enge wakala mpaka udongo ukaonekana. Nani aliyekata waya hatujui hadi leo, ingawa koleo la stoo lilipatikana katika mfuko wa koti la Bwana Kiponda, naye alishangaa sana kuliona humo. Onyo lilikwisha pigwa chapa, likingoja sahihi, mvua iliponyesha. Yakachomoza maua arobaini na moja. Meneja akalichana onyo, na tangu hapo tunafyeka Agosti.

Masika haya Bwana Kiponda amehesabu maua mia mbili na sita, kwa punje za mahindi ndani ya mkebe wa majani ya chai. Mkebe huo alinikabidhi jana pamoja na fyekeo lake, akanieleza kwa mara ya kumi rangi ya mbegu zilizokomaa, kana kwamba mimi ni mgeni hapa. Mfyekaji mpya, Tsuma, keshafundishwa. Analalamika kwamba ninamrudia maneno yale yale.

Sherehe hii ilipangwa kufanywa chini ya mikwaju. Aliyehamisha viti ni mimi. Kwa hiyo, mgeni wetu mpendwa, ikiwa unasoma haya ukiwa umeketi juani nyuma ya stoo, lawama zako nielekezee mimi. Bwana Kiponda mwenyewe, kwa kuwaonea wageni huruma, alisema tungeweza kukaa pale kwa siku moja tu. Nilimkatalia.

Mzee wetu, ahsante kwa kazi, na kwa kutuudhi mpaka tukaelewa. Tunakuombea afya njema, mvua za wakati wake na mapumziko uliyoyastahili. Agosti uje ututazame tukifyeka.

Kuluthumu Aboud, karani wa kituo