Wilfred Entwistle na Bao la Kisogo

Leo, Jumamosi tarehe 7 Mei 1988, refa akipuliza filimbi ya mwisho hapa Haddonshaw, Wilfred Entwistle atakuwa amestaafu, baada ya miaka kumi na saba ya kucheza beki wa kati. Hajawahi kuchezea klabu nyingine. Yeye husema ni mapenzi. Mkewe, Doreen, husema hakuna aliyemuulizia.

Alikuja kwetu akitokea kiwanda cha pamba, na mbio hakuwa nazo tangu siku ya kwanza. Alichokuwa nacho ni mdomo. Mshambuliaji hatari alipomkaribia, Wilf alimuuliza kwa upole, "Mama hajambo? Lile goti lake limepona?" Kijana wa watu akigeuka kujibu, mpira umeshabutuliwa hadi kwenye bustani za majirani. Washambuliaji wawili bado humtumia kadi za Krismasi.

Kufunga alifunga sana, ila golini kwetu. Na kwa kuwa akienda mbele hakuwa na mbio za kurudi, kocha wetu, Bwana Hargreaves, alimpiga marufuku kuvuka mstari wa kati. Kwa hiyo lazima tueleze siku ile ya mwisho wa msimu wa 1981, maana kila mtu mjini ana toleo lake. Mimi ninayefua jezi nilikuwepo, na la kwangu ndilo la kweli.

Tulihitaji ushindi ili tusishuke daraja. Kwa kawaida Wilf huyaacha meno yake ya bandia kwenye kikombe katika chumba cha kubadilishia nguo, lakini siku hiyo alipigwa picha na mtu wa gazeti, akasahau kuyavua. Kipindi cha kwanza akagongwa kiwiko mbele ya goli letu, meno yakarukia matopeni. Na Jumamosi iliyofuata alikuwa anamwoza binti yake.

"Doreen ataniua," alimwambia kipa wetu, Trevor Sugden, wakati wa mapumziko.

"Tukishuka daraja, tutauawa wote," Trevor akamjibu. "Cheza."

Timu zikabadilishana magoli. Meno ya Wilf sasa yalikuwa upande wa wapinzani, mahali asiporuhusiwa kukanyaga. Alivumilia mpaka dakika za mwisho. Tukiwa sare ya bao moja kwa moja, tukapata kona. Wilf akakata shauri, akavuka mstari.

"Wilfred! Unakwenda wapi wewe?" kocha akafoka.

"Nakuja sasa hivi, bosi."

Alifika kwenye eneo la penalti, akainama, akaanza kupapasa matope. Wapinzani wakadhani anaumwa tumbo. Hakuna aliyejisumbua kumkaba. Kona ikapigwa, mpira ukamgonga kisogoni, ukaingia wavuni. Wilf hakuuona. Wenzake walipomrukia akawa anapiga kelele chini ya lundo lile, "Tokeni! Mtayavunja!"

Kipa wao ndiye aliyeyapata, kando ya mlingoti. Alimkabidhi akiwa na machozi. "Chukua vitu vyako, mzee. Sisi tunashuka daraja."

Wilf hakushangilia. Alimshika bega, akatoka naye uwanjani taratibu. Sijui walizungumza nini, ila kipa yule tulimwona harusini, ameketi meza moja na Doreen, anakula keki.

Bwana Hargreaves aliwaambia waandishi kuwa ule ulikuwa mpango walioufanyia mazoezi wiki nzima. Walipomuuliza Wilf, alisema, "Mpango gani? Nilikuwa nimeinama." Hilo ndilo bao lake pekee halali, na hajawahi kulipamba.

Septemba anaanza kazi ya kuvusha watoto barabara mbele ya shule ya Mill Lane. Asante, Wilf, kwa magoti uliyotuachia uwanjani na kwa vicheko vya chumba cha kubadilishia nguo. Tunawaombea wewe na Doreen afya na miaka mingi ya raha. Na watoto wakikujia mbio pale barabarani, tafadhali, waache wapite.