Marubani Wawili kwenye Daraja la Miti

Ruphin, motari wa mjini Kasongo, alikuwa amepakia marubani wawili wa ndege ndogo kwenye pikipiki yake. Alikwepa mashimo huku masikio yote yakiwa nyuma.

"Nikikataa peke yangu kuruka na mzigo wa kupita kiasi, mwenye ndege ataita mwengine," alisema aliyekaa katikati.

"Ndiyo maana tufanye sindika, chama chetu cha wafanyakazi," akajibu wa nyuma, "marubani wote tukatae pamoja."

"Wenzetu nawajua. Leo watakubali, kesho utawaona wako mawinguni."

Kumbe hata mawinguni kuna bosi, Ruphin aliwaza, akatabasamu. Penye daraja la miti akasimama.

"Mushuke, wakubwa zangu. Hapa hakuna motari anavusha watu wawili."

"Na tukikataa?" aliuliza wa katikati.

"Mungoje motari mwengine. Naye atawaambia vilevile."

Wa nyuma alikuwa ameshashuka, anamtazama mwenzake, anacheka.